Pedali za Upande wa Pili

Miwani ya fundi cherehani ilikuwa tayari saa kumi na moja na nusu jioni. Lenzi ya kushoto nilikuwa nimeisaga mara mbili, maana jicho lake lile ni kaidi kama mwenyewe, na mzee alikuwa ameshanipigia simu mara nne.

"Binti yangu," alisema mara ya mwisho, "tangu asubuhi nimejidunga vidole vitatu. Ukichelewa zaidi nitashona mkono wa shati shingoni."

"Tulia, mzee wangu. Nakuletea mwenyewe mpaka mlangoni."

Msinisifu kwa huruma. Nilikuwa natafuta sababu ya kuendesha gari.

Mzee yule anaishi juu ya kilima, ng'ambo ya machimbo ya mawe yaliyoachwa, na barabara ya kwenda kwake ina kona kumi na saba. Nazijua zote. Ya tatu inakubana ghafla, pale unapodhani imekwisha. Ya tisa imeinama upande usiotakiwa. Ya kumi na mbili, ukiingia na gia ya pili ukatoka na ya tatu bila kugusa breki, siku yako imekamilika hata kama tangu asubuhi ulikuwa unatukanwa na wateja.

Wenzangu wakitoka kazini hukimbilia kupumzika. Mimi nilikuwa nafunga karakana ya miwani, napanda kilima, nashuka, napanda tena. Dada yangu mkubwa, ambaye naishi naye, alishachoka kuuliza.

"Umetoka wapi?"

"Popote tu."

"Ukafanya nini huko popote?"

"Kona."

Anaguna, anarudi jikoni. "Wenzako wanapenda watu, wewe unapenda usukani. Haya."

Gari lenyewe usingeligeukia mara ya pili. Dogo, milango mitatu, rangi ya maziwa yaliyochacha. Nililiita Kiberiti. Ukilipita lori, nati za magurudumu ya lori ziko sawa na macho yako. Redio hakuna, kiyoyozi hakuna, dirisha la nyuma halifunguki. Lakini lilikuwa jepesi, gia tano za mkono, na usukani ulikuwa unakuambia kila kokoto uliyoikanyaga. Gari kubwa linakubeba. Lile ulikuwa unalivaa.

Nililinunua wiki tano kabla ya jioni hiyo, kwa mama mmoja anayefanya kazi posta. Bei aliyotaja ilinifanya nimuulize mara mbili kama hakukosea. Lilikuwa gari la marehemu baba yake, mwalimu wa udereva. Ndiyo maana mbele ya kiti cha abiria, chini pale miguu inapokaa, palikuwa na bati limefungwa kwa skrubu nne.

"Hapo palikuwa na pedali za mwalimu," alinieleza. "Klachi yake na breki yake, ili mwanafunzi akikosea amsaidie. Tulizitoa."

Alisema hayo akiwa amesimama barazani. Hakulisogelea gari. Funguo nilizikuta juu ya ukuta, zimefungwa kwenye kitambaa. Akaniomba picha mbili ndogo, zile za kubandika kwenye fomu, ili abadilishe jina la mmiliki. Nikampa.

"Unapenda kuendesha?" akaniuliza.

"Kupita kiasi."

Akaangalia chini. "Basi mtaelewana."

Kweli tulielewana. Tangu nilipolipata gari lile nilikuwa naendesha vizuri kuliko wakati wowote maishani mwangu. Gia zilikuwa zinaingia zenyewe. Klachi ilikuwa inashuka kabla sijamaliza kufikiria kuikanyaga.

Nilidhani ni mimi.

Basi jioni ile nikajaza tangi mpaka mdomoni, nikaweka miwani ya mzee kwenye kiti cha abiria, nikaanza kupanda. Jua lilikuwa limeshazama lakini mwanga ulikuwepo, ule wa kijivu unaofanya vitu vyote vionekane viko karibu. Saa ya kwenye dashibodi ilisema kumi na mbili na dakika ishirini na mbili. Chini ya kona ya kwanza, mwandika mabango alikuwa juu ya ngazi, anachora jina la duka kwa rangi nyekundu. DUKA LA DAW... Bado herufi moja. Nikampungia mkono.

Kona ya kwanza. Ya pili. Ya tatu nikaiingia kwa kasi, kama kawaida yangu.

Breki ikashikwa.

Mguu wangu ulikuwa kwenye mafuta.

Kiberiti kilipunguza mwendo taratibu, kistaarabu, kama gari linaloendeshwa na mtu mzima. Boksi la miwani likateleza kutoka kitini, likaanguka chini. Nikasema moyoni, breki imeng'ang'ania, kesho nitampitishia fundi. Nikataka kuegesha pembeni.

Klik.

Mkanda wa kiti cha abiria ulikuwa umejifunga.

Nikaanza kusikia harufu. Kwanza dawa ya kuchua, ile kali inayopanda puani. Kisha, chini yake, kitu kingine... udongo. Udongo mbichi, uliochimbwa leo.

"Polepole," sauti ikanong'ona.

Haikuwa sauti ya kutisha. Nataka mjue hivyo. Ilikuwa ya mzee mpole, aliyechoka kidogo, aliyelisema neno lile mara elfu.

Nilikuwa nimekodolea macho mbele, shingo imekuwa ngumu. Nikajikaza, nikageuza macho tu, bila kichwa. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini kilikuwa kimebonyea. Mkanda ulikuwa umekaa hewani, umepinda kufuata kifua ambacho hakikuwepo, na ulikuwa unapanda na kushuka.

Ulikuwa unapumua.

"Usiniangalie mimi," sauti ikasema. "Angalia barabara."

Nikakanyaga breki kwa miguu miwili. Pedali ikashuka mpaka chini, laini, haina kitu. Nikavuta komeo la mlango. Halikusogea. Nikazungusha kipini cha kioo, kikazunguka bure mkononi mwangu kama kimekatika ndani.

"Sijasema usimame."

Kona ya nne. Ya tano. Sikuwa na la kufanya ila kushika usukani, kwa sababu usukani ulikuwa wangu kweli. Nikiuachia, gari lilikuwa linaelekea bondeni. Nikiushika, lilikuwa linanitii. Kila kitu kingine kilikuwa chake.

"Kioo," ananong'ona. Naangalia kioo.

"Gia ya pili." Naweka ya pili. Nasikia klachi ikishuka chini ya mguu wangu kabla yangu.

Ya kumi. Ya kumi na tano. Nikaanza kujipa moyo: baada ya ya kumi na saba naliona geti la mzee, nitapiga honi, atatoka. Nikaimaliza ya kumi na saba, nikanyoosha usukani, nikatazama mbele.

Mwandika mabango alikuwa juu ya ngazi.

DUKA LA DAW...

Nilikuwa chini ya kilima. Kona ya kwanza ilikuwa inanijia.

Nikapiga kelele. Nikagonga kioo kwa ngumi, nikamwita, "Kaka! Kaka, nisaidie!" Hakugeuka. Brashi yake ilikuwa imegusa ukuta, na tone moja la rangi nyekundu lilikuwa limening'inia kwenye ncha. Halikudondoka. Saa ya dashibodi: kumi na mbili na dakika ishirini na mbili.

Tukapanda tena.

Mara ya ngapi sijui, niliacha kuhesabu baada ya tisa. Mwanga ulikuwa uleule wa kijivu. Giza halikuwa linaingia. Kitu kimoja tu kilikuwa kinasogea mle ndani: mshale wa mafuta. Robo tatu. Nusu. Chini ya nusu. Mabega yalikuwa yanawaka moto, midomo imekauka, na kila nikijaribu kulia nilikuwa naambiwa, "Angalia barabara."

Kwenye sehemu iliyonyooka baada ya kona ya nane nikapapasa simu mfukoni, nikampigia dada kwa kidole gumba. Ikaita. Ikapokelewa.

"Halo?"

"Dada! Dada, niko kilimani, siwezi kushuka, gari—"

"Halo? Nani mwenzangu?"

"Ni mimi! Dada, ni mimi!"

Kisha nikamsikia akisema kwa adabu, vile anavyoongea na watu wazima asiowajua, "Samahani, mzee. Sijakuelewa. Nikate kushoto wapi?"

Simu ikakatika.

Hapo ndipo kisanduku cha mbele ya abiria kikafunguka chenyewe. Zikamwagika picha. Ndogondogo, za kubandika kwenye fomu, mamia, zimetobolewa tundu na kupitishwa uzi mweusi. Wanaume, wanawake, wazee, wasichana, wengine wamevaa mitindo ya kabla sijazaliwa. Uzi ukaendelea kushuka, picha moja baada ya nyingine, polepole, mpaka ya mwisho ikabaki inaning'inia, inayumba kila tukikata kona.

Ilikuwa yangu.

"Umejifunza vizuri," sauti ikasema. "Sasa mtihani."

Baada ya kona ya kumi na saba, safari hii hapakuwa na mwandika mabango. Palikuwa na njia ya vumbi upande wa kushoto, ile ya machimbo, iliyofungwa kwa mnyororo miaka yote ninayoijua. Mnyororo ulikuwa umelala chini.

"Kata kushoto."

Nikakata.

Machimbo ni uwanja mpana wa changarawe uliozungukwa na kuta za mawe pande tatu. Upande wa nne hakuna ukuta. Kuna ukingo, na chini ya ukingo kuna maji ambayo hakuna aliyewahi kuyapima.

"Rudi nyuma. Ingia kati ya yale mawe mawili."

Niliingia bila kusahihisha usukani hata mara moja. Ninyi msioendesha mtashangaa nikisema hivi, lakini machozi yakinitiririka, makwapa yamelowa, kuna mahali fulani ndani yangu palifurahi.

"Vizuri."

"Panda ule mwinuko. Simama katikati. Ondoka bila kurudi nyuma."

Nikapanda, nikasimama, nikabalansi klachi kwenye changarawe ile inayoteleza. Kiberiti kikaondoka hata kokoto isisogee.

"Vizuri sana." Sauti ilikuwa imesogea. Sasa ilikuwa sikioni, na ile harufu ya udongo ilikuwa imenijaa mdomoni. "Miaka mingi sijapata mwanafunzi kama wewe. Bado moja tu. Nenda moja kwa moja. Usisimame mpaka nikuambie."

Mbele yangu palikuwa na hatua kama mia moja za changarawe. Kisha ukingo. Kisha anga.

Nikaweka gia ya kwanza. Sikuiweka mimi, lakini mkono uliokuwa juu ya gia ulikuwa wangu. Tukaondoka. Ya pili.

Nikajua hatafungua mdomo kuniambia simama.

Akili ya mtu aliyebanwa hufanya kazi kwa namna yake. Sikumkumbuka Mungu wala dada. Nilikumbuka kwamba kila nilipojaribu kukataa, breki, mlango, kioo, vilikuwa vinanikatalia. Lakini sikuwa nimejaribu kukosea. Kukosea si kukataa. Mwanafunzi anaruhusiwa kukosea, ndiyo kazi yake. Na mwanafunzi anayefanya vizuri, nani atamshusha?

Ilikuwa inanibidi niendeshe vibaya.

Mnadhani ni jambo rahisi. Mimi mikono yangu haikujua. Nililazimika kuwaza kila kiungo, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Nikauachia mguu wa klachi ghafla. Gari likaruka kama chura, likatetemeka, halikuzima.

"Klachi," akasema. "Taratibu na klachi."

Nikalazimisha gia ya tano. Ikasaga, chuma juu ya chuma, mlio ambao kwa kawaida ungenitoa machozi. Injini ikaanza kukohoa.

"Unafanya nini? Si hivyo. Sikukufundisha hivyo!"

Hatua hamsini. Nikawasha indiketa ya kulia, nikakata kushoto. Nikawasha waipa. Nikapiga honi bila sababu. Gurudumu la mbele likapanda jiwe kubwa, likashuka kwa kishindo, kitu kikapasuka chini ya sakafu. Nilikuwa nasikia, chini upande wa abiria, pale kwenye bati, miguu ikikanyaga. Tap, tap, tap. Inasahihisha, inaokoa. Mimi naharibu, yeye anatengeneza. Hatua thelathini. Kumi.

Nikavuta hendibreki kwa mikono miwili huku nikikata usukani wote.

Nyuma ya gari ikazunguka. Mbingu ikapita kiooni, maji yakapita, ukuta wa mawe ukapita. Kisha Kiberiti kikazima.

Kimya.

Vumbi likaanza kutulia. Nilikuwa nimetazama nilikotoka. Kwenye kioo cha nyuma palikuwa na maji peke yake.

Pembeni yangu mtu alikuwa anapumua kwa shida. Nilidhani ana hasira. Kumbe alikuwa analia, kilio cha mzee, kile cha kujizuia.

"Umefeli," akasema.

Makomeo yakaruka juu. Tak.

"Shuka."

Nilishuka kwa magoti. Nikatambaa kwenye changarawe, nikasimama, nikakimbia. Sikugeuka, lakini nilisikia. Alilisema bila kupaza sauti, na bado likanifikia kama yuko begani.

"Utarudia."

Barabarani nikatazama simu. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita.

Nikashuka kilima mbio, kwa njia ya mkato ya waenda kwa miguu, mpaka kwa mwandika mabango. Alikuwa anamalizia herufi A.

"Dada, mbona kwa miguu? Gari limekuharibikia?"

"Uliniona nikipita?"

"Si umenipungia sasa hivi." Akachovya brashi. "Nikakuonea wivu, kwa kweli. Una mzee wako pembeni, mnaongea vizuri. Wangu alikufa zamani."

Kesho yake asubuhi nilirudi machimboni na fundi wa magari, mtu wa mtaani kwetu tunayemwita Spana. Mnyororo ulikuwa umefungwa, una kutu, na kufuli lake halijaguswa. Ilibidi aukate kwa msumeno ili alivute gari. Boksi la miwani tulilikuta chini ya kiti, lenzi zote mbili zimepasuka. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala. Spana akafungua tangi, akainama, akanusa.

"Hata mvuke hakuna," akasema. "Dada, jana umekwenda wapi na tangi zima?"

Nikamwonyesha lile bati.

Alifungua skrubu nne, akalinyanyua. Chini yake palikuwa na pedali mbili. Safi, hazina vumbi, mpira wake umelika katikati kwa kukanyagwa.

Spana akakaa chini, palepale kwenye changarawe.

"Hizi nilizitoa mimi," akanong'ona. "Kwa mikono yangu. Yule mama wa posta aliniita. Nikazitoa, wiki ile ile akaniita tena, nikazikuta. Nikazitoa mara ya pili. Nikajiambia labda nimechanganya na gari jingine..." Akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Nisamehe, dada. Uliponiletea gari hili kubadilisha oili, nilitaka kukuambia. Nikaona utanicheka."

Nilimkuta mama wa posta nyumbani kwake, anaanika nguo. Aliponiona akaachia shati likaanguka chini.

"Amekushusha?" akauliza, hata salamu hatujapeana.

"Ulijua."

Akawaingiza watoto ndani, watatu, akafunga mlango. Tukakaa kwenye ngazi za baraza.

"Baba alifundisha miaka thelathini," akaanza. "Hakuna mwanafunzi wake aliyefeli. Hata mmoja. Watu walikuwa wanatoka mbali kumfuata. Haikuwa hivihivi. Alikwenda kwa mtu, wakati bado kijana, hana kazi. Akapewa masharti. Kila mwanafunzi, picha yake ikae ndani ya gari. Akaambiwa, watafaulu wote. Lakini siku mmoja akifeli, na wewe hutashuka."

"Mmoja akafeli."

"Kijana mmoja mwoga, viganja vinatoka jasho. Akafeli mtihani wa barabarani. Siku ile baba hakula. Alikaa pale ulipokaa wewe, anasema peke yake, 'Atarudia, atarudia.' Kesho yake jioni wakatoka wote wawili. Gari likaja kupatikana machimboni, tangi kavu. Baba yuko kwenye kiti chake cha mwalimu, mkanda umefungwa. Moyo, alisema daktari, tena ulisimama jioni ileile, mwanzo wa safari. Lakini watu waliliona gari likizunguka kilima mpaka alfajiri."

"Na huyo kijana?"

"Hajaonekana mpaka leo. Mama yake anakuja dirishani kwangu posta kila mwezi, kuuliza kama kuna barua."

"Na picha yangu?"

Akaanza kuvuta nyuzi za ncha ya kanga yake.

"Alikuwa anakuja hapa. Baba. Kila jioni, nasikia gari likiwashwa uani na funguo ziko mkononi mwangu. Alikuwa anamwita mwanangu mkubwa kwa jina. 'Njoo, leo zamu yako.' Mtoto ana miaka kumi na mmoja, dada. Siku moja nilimkuta ameshakaa, ameshika usukani, macho yametazama mbele. Nikaenda kwa yule yule mtu aliyempa baba masharti. Akanijibu neno moja tu. Mtafutie mwanafunzi."

"Ukanipata mimi."

"Ulisema unapenda kuendesha."

Nilikuwa nimekwenda na matusi yangu yote nimeyapanga. Sikuyaona. Nikanyanyuka niondoke, akanishika mkono.

"Aliposema ushuke... alisema nini kingine?"

"Kwamba nimefeli."

"Halafu?"

Nikaliangalia lile shati lililoanguka.

"Alisema utarudia?"

Nadhani aliona jibu usoni. Akaniachia mkono kama aliyeshika sufuria la moto, akaingia ndani. Nikasikia komeo la juu, kisha la chini.

Hayo yalitokea miezi minne iliyopita. Gari liko kwenye banda nyuma ya nyumba yetu. Kuliuza siwezi, nitamuuzia nani? Nimtafutie mtoto wa nani? Nilitaka kulichoma moto, Spana akaniuliza, "Ukilichoma, yeye atakaa wapi?" Nikauacha mpango huo. Tumelipandisha juu ya mawe, tukang'oa matairi yote manne, na matairi yako chini ya kitanda cha dada. Dada ananung'unika kwamba analala gereji. Hajaniuliza sababu. Tangu ile simu haniulizi mambo mengi.

Kazini naenda kwa miguu. Jioni, jua likishazama na ule mwanga wa kijivu ukiingia, nasikia indiketa ikigonga bandani. Tik. Tik. Tik. Inagonga dakika chache, inanyamaza. Nimezoea. Si hiyo inayonisumbua.

Kinachonisumbua nitakisema, maana sijamwambia mtu. Nikiwa nimekaa kwenye mashine ya kusaga lenzi, mguu wangu wa kushoto unakanyaga sakafu. Unatafuta klachi. Nikilala naziendesha zile kona kumi na saba, moja moja, na naziendesha vizuri, na kila nikimaliza ya mwisho nalisikia lile neno. Umefeli. Mimi? Mimi niliyeingia kati ya yale mawe bila kugusa usukani mara mbili? Mzee wa watu analia mle ndani akidhani mwanafunzi wake hajui klachi. Hajui kwamba nilifanya makusudi. Hakuna wa kumwambia.

Jumapili dada alipotoka, nilivuta tairi moja kutoka chini ya kitanda, nikalifunga. Nilitaka tu kuona kama nati bado zinashika. Zinashika.

Jana nikafunga la pili. Mawili tu. Gari la matairi mawili haliendi popote.